Depanaje bila depanezi: tusiwe bariere nyingine kwenye RN5

Wandugu vijana wa Swima, wadada na wakaka, na ninyi mliotoka Makobola, Mboko na Baraka. Wamama wa samaki, mashofere, wamotari, na wazee wetu mliokubali kukaa pamoja nasi.

Tuseme mapema ili mtu asingojee bure: leo hakuna perdiemu, hakuna sukre, hakuna lista ya kutia sahihi. Hatukuleta proje ya mtu yeyote. Tumekuja kuzungumza juu ya kazi moja tunayoweza kuianza sisi wenyewe, hapa hapa, kabla ya mvua ijayo.

Tunajuana. Kati yetu kuna wenye lisansi ya uchumi, ya haki, ya ualimu, ya maendeleo ya vijijini. Dosye zetu zimezunguka ofisi nyingi, toka Uvira mpaka Bukavu, na jibu ni lile lile: "Mwende, tutawaita." Simu hailii. Wakati huo huo, kwenye barabara inayopita mbele ya nyumba zetu, kuna watu wanaotafuta mtu wa kumwita na hawana namba ya kupiga. Shofere amepasukiwa mpira na kriki yake imekufa. Mama ana mabeseni ya ndakala ndani ya gari iliyozima, na jua halimngojei. Motari amekatikiwa na mnyororo katikati ya vijiji viwili. Huku watu bila kazi, kule kazi bila watu. Njo maana tumekutana.

Kwanza: depanezi si mwanzo wa kazi hii

Mtu akisikia neno depanaje, kichwani anaona depanezi: lile gari kubwa lenye mkono wa chuma na kamba ya waya, linalokokota magari mengine. Halafu anasema, "Sisi tutaitoa wapi?" Na mazungumzo yanafia pale pale.

Tuangalie hiyo depanezi yenyewe ilitoka wapi. Mwaka 1916, katika mji wa Chattanooga, jimbo la Tennessee huko Marekani, fundi wa magari aliyeitwa Ernest Holmes aliitwa kuokoa gari ya rafiki yake iliyoangukia kwenye kijito. Alikwenda na watu kama sita, kamba na magogo. Wakahangaika masaa mengi mpaka gari ikatoka. Baada ya jasho hilo ndipo akakaa, akawaza, akafunga nguzo, mnyororo na kapi juu ya Cadillac ya mwaka 1913. Hiyo njo inayohesabiwa kuwa depanezi ya kwanza. Sikieni utaratibu wake: watu na kamba kwanza, mashine baadaye.

Na kule Uingereza, chama cha wenye magari kinachoitwa Automobile Association kilianza mwaka 1905, na watu wake wa kwanza wa kuzunguka barabarani walipanda baiskeli. Baiskeli, wandugu. Sisi leo tuko na baiskeli, tuko na pikipiki, tuko na simu ambayo wao hawakuwa nayo.

Kwa hiyo swali la "tutapata wapi depanezi" tuliweke pembeni. Swali ni hili: gari ikisimama kati ya Makobola na Mboko, mwenye gari anahitaji nini hasa?

Pili: kinachosimamisha gari hapa kwetu

Mashofere mliopo ni mashahidi. Mara nyingi gari haisimami kwa sababu moto wa injini umekufa kabisa. Inasimama kwa vitu vidogo. Mpira umetoboka. Betri imelala. Maji ya radiateri yamechemka kwa sababu mkanda umekatika au bomba limepasuka. Mafuta yameisha, ama yaliyonunuliwa kwa kadafi yalikuwa na maji ndani. Gari imezama kwenye tope mahali mto ulipomwaga mchanga juu ya barabara. Kwa pikipiki ni mnyororo, ni buji, ni kebo ya klachi.

Hivyo vyote vinatengenezwa au vinatolewa pale pale, kwa mikono, na mtu anayejua anachofanya. Hilo la kujua njo lenye uzito, kwa sababu kusaidia bila kujua ni kuharibu. Tutoe mifano minne tu.

Betri. Fuso nyingi zinatumia volti 24, yaani betri mbili za volti 12 zilizounganishwa. Probox na Noah ni volti 12. Ukichukua umeme wa Fuso yote ukaupeleka kwenye Probox, unaweza kuunguza vyombo vyake vya umeme, na mwenye gari atakukumbuka maisha yake yote. Zikiwa zote mbili ni 12, waya nyekundu inaanza kwenye chanya ya betri iliyolala, kisha chanya ya betri nzima. Waya nyeusi inaanza kwenye hasi ya betri nzima, na mwisho wake unafungwa kwenye chuma kitupu cha injini ya gari iliyolala, mbali na betri. Kwa nini mbali? Kwa sababu betri inatoa gesi inayoshika moto, na cheche ya mwisho haitakiwi iruke juu yake.

Radiateri. Ikiwa imechemka, usifungue kifuniko. Ngojea ipoe, hata nusu saa au zaidi. Maji yale yakiruka yanachuna ngozi ya uso. Shofere mwenye haraka atakusukuma ufungue, wewe ukatae.

Kriki. Nati zinalegezwa kidogo gari ikiwa bado chini, halafu ndiyo inanyanyuliwa. Magurudumu mengine yanawekewa mawe. Huku kwetu karibu na ziwa ardhi ni mchanga, kwa hiyo chini ya kriki unaweka ubao mpana. Na hakuna mtu kuingia chini ya gari iliyoshikwa na kriki peke yake. Hakuna. Weka magogo kwanza.

Kukokota. Gari ya automatiki haivutwi hovyo huku magurudumu yanayoendeshwa na injini yakizunguka chini, kwa sababu boksi ya gia inaungua. Watu wengi wameua boksi za Noah namna hiyo, wakidhani wanaokoa gari. Kama haiwezi kutengenezwa pale, inalindwa mpaka ipatikane kamyo ya kuibeba.

Mnaona? Hapa kwetu kuna mafundi waliosomea kazi hii chini ya magari, bila diplome, na kuna sisi tulio na diplome na hatujui kushika kle. Tukae pamoja. Fundi atufundishe mikono, sisi tushike daftari, simu na hesabu. Na wadada msibaki nyuma mkidhani hii ni kazi ya misuli. Mpira unafunguliwa na urefu wa kle, si unene wa mkono.

Tatu: vitu vya kuanza navyo

Kikundi cha watu 5 kinaweza kuanza na hivi:

- kriki moja nzuri ya hidroliki, na mbao mbili nene;
- kle ya msalaba ya magurudumu, na seti ya kle za kawaida;
- pompi ya mkono, vipande vya kuzibia na gundi;
- nyaya za betri zilizo nene, si zile nyembamba zinazopata moto;
- kamba nzito au mnyororo, na kapi mbili;
- mabeleshi mawili, panga, na magunia matupu ya kujaza mchanga;
- tochi, jerikani ya maji, jerikani tofauti ya mafuta;
- pembetatu mbili za onyo, na vizibao vinavyong'aa usiku.

Mtu atauliza: kapi ya nini? Ukifunga kapi kwenye gari iliyozama, ukapitisha kamba kutoka kwenye mti, kupitia kapi, na kurudi kwa wavutaji, nguvu mnayohitaji inapungua karibu nusu. Kamba itakuwa ndefu mara mbili, lakini watu sita wanafanya kazi ya watu kama kumi. Wavuvi wetu wanaovuta mitumbwi mnaelewa jambo hili kuliko sisi. Ila kumbukeni: kamba ikikazwa sana inaweza kukatika na kurudi kama mjeledi. Weka gunia zito juu yake katikati, na mtu yeyote asisimame kwenye njia yake. Watoto wote wakae mbali.

Hivi vyote havinunuliwi siku moja. Wamama zetu wa AVEC wametuonyesha namna ya kukusanya feza kidogo kidogo bila kwenda kwa mkopeshaji wa riba. Tuseme watu 5, kila mmoja anaweka dola 2 kwa wiki. Wiki 10 ni dola 100. Hazitoshi kwa kila kitu, lakini zinatosha kuanza na mipira na pikipiki, ambayo njo kazi ya kila siku. Nyaya za betri zitatoka kwenye faida ya mipira, kamba nzito itatoka kwenye faida ya betri. Asiye na dola 2 ana beleshi la baba yake. Lipimwe bei, liandikwe kuwa mchango wake.

Lakini mali kubwa kuliko zote haiko kwenye lista ile. Ni daftari la namba. Namba ya fundi wa injini wa Uvira na wa Baraka. Namba ya kwado wa kila kijiji. Namba ya muuza piesi anayekubali kukupa kitu ukimtumia feza kwa M-Pesa au Airtel Money. Namba za mashofere wa kamyo wanaorudi bila mzigo. Hapo njo depanezi yetu ilipo: kamyo tupu inayopita, shofere anayekufahamu, bei mliyokubaliana kabla. Gari moja kati ya nyingi itahitaji kuvutwa. Siku hiyo unapiga simu, kamyo inavuta, yeye anapata yake, wewe unapata yako ya kupanga. Na piesi ikikosekana hapa, kuna motari wa kuileta. Barabara ikikatika kabisa, kuna mtumbwi wa injini. Ziwa halina tope.

Mahali mtandao haufiki, wamotari njo simu. Anayepita na kuona gari imesimama alete habari, na apate kitu kidogo kinachojulikana.

Nne: bei ya ndani ya tope si bei

Hapa tuzungumze ukweli, hata kama unauma.

Mvua ikinyesha, kamyo ikizama, vijana tunatoka na mabeleshi. Ni vizuri. Lakini tunajua mambo yanavyokwenda baadaye. Bei inaanza chini. Jua likishuka, inapanda. Giza likikaribia, na shofere akianza kuangalia milimani kwa wasiwasi, inapanda tena. Na kuna mashimo kwenye barabara hii ambayo hayazibwi kwa sababu yanalisha watu. Mengine yanapanuliwa usiku. Nani hapa hajui?

Sisi vijana tumepiga kelele juu ya bariere. Tumesema mtu asilipishwe kwa sababu tu ana haja ya kupita. Tumesema mama wa ndakala akitoka na mabeseni matatu asifike sokoni na mawili. Sasa tujiulize: mtu aliyekwama kwenye tope, ambaye hawezi kwenda mbele wala nyuma, tukimwambia "lipa hii ama ulale hapa," tumetofautiana wapi na mwenye kushika kamba ya bariere? Yeye ana kamba, sisi tuna tope.

Na ile feza hailiwi na shofere peke yake. Anaiongeza kwenye nauli. Mfanyabiashara anaiongeza kwenye unga, kwenye sabuni, kwenye dawa. Jioni mama yako ananunua chumvi akiwa amelipia ndani yake lile tope ulilolipandisha bei mchana. Umejilipa mwenyewe kutoka mfukoni mwa mama yako.

Kwa hiyo, kama tunaanza kazi hii, kuna mambo matano tunayopendekeza yawe sheria yetu.

Moja: bei zinaandikwa kwenye ubao, barabarani, kwa herufi kubwa, kwa franka na kwa dola. Kuziba mpira, kuwasha betri, kutoa gari ndogo kwenye tope, kutoa kamyo. Usiku kuna nyongeza, nayo imeandikwa pale pale.

Mbili: bei inasemwa kabla ya mtu kugusa gari. Ikishasemwa haipandi, hata mvua ikirudi.

Tatu: asiye na feza mkononi asaidiwe kwanza atoke barabarani, namba yake iandikwe, alipe akifika. Wengine hawatalipa, ndiyo. Lakini shofere anayepita hapa kila wiki akilipa mara moja kwa heshima, amekuwa mteja wako wa miaka mingi.

Nne: mzigo wa mtu ni mzigo wake. Kamyo ikilala na kreti za bia, anayezilinda ni sisi. Mtu wa kikundi akikamatwa na hata chupa moja, atoke.

Tano: mgonjwa, mama mjamzito anayepelekwa Nundu hospitali, na gari ya maiti, hatuwalipishi kazi ya mikono. Wazee wetu hawakutufundisha kuuza huruma.

Kuna atakayesema: "Mkishaziba mashimo na kuweka bei ya kudumu, mtakula nini?" Tunajibu hivi. Biashara inayoombea mvua ni biashara ya mchawi. Barabara mbaya inapitisha magari machache, na hayo machache yanaogopa. Barabara ikipitika, magari yanaongezeka, na mipira itaendelea kutoboka, betri zitaendelea kulala, mikanda itaendelea kukatika. Anayetegemea tope anakula miezi ya mvua tu. Anayetegemea magari anakula mwaka mzima.

Tano: kazi ya kwanza ni kuokoa watu

Hatuwezi kuzungumza juu ya ajali kwenye RN5 bila kutaja Sange.

Wengi wenu mlikuwa watoto. Usiku wa tarehe 2 Julai 2010, kwenye barabara hii hii, huko Sange katika teritware ya Uvira, lori la mafuta lilianguka. Mafuta yakaanza kumwagika. Watu wakakaribia, wengine na vyombo vya kuchotea, wengine kuangalia tu. Ilikuwa wakati wa Kombe la Dunia, na wengine walikuwa wamejaa ndani ya vyumba vya video karibu na hapo wakitazama mpira. Moto ukawaka. Walikufa watu zaidi ya 230, na kati yao watoto wengi.

Hatusemi haya kuwalaumu marehemu. Mtu anayechota mafuta barabarani hana starehe, ana njaa. Tunasema kwa sababu usiku ule, kama kungekuwa na vijana kumi waliojua la kufanya, wenye tochi na sauti na mamlaka ya kuheshimiwa na wenzao, wakasema "rudini nyuma, hakuna kuchota, zimeni sigara, zimeni mbabula, zimeni jenereta," labda tungekuwa na makaburi machache.

Hao vijana kumi njo tunaotaka kuwa.

Kwa hiyo mkifika mahali pa ajali, msiguse gari kwanza. Weka pembetatu ya onyo mbali, pande zote mbili, ili gari nyingine isije ikawagonga mkiwa mmeinama. Nusa hewa: kuna mafuta? Kama yapo, hakuna moto, hakuna sigara, na watu wote wanaondoka, upande ambao upepo unatoka. Zima injini. Halafu angalia waliojeruhiwa. Aliyevunjika usimvute kwa mkono kama gunia, isipokuwa moto unakuja. Anayetoka damu nyingi, kandamiza jeraha kwa kitambaa safi na usiachie. Namba ya muguzi wa kituo cha afya iwe kwenye daftari, ukurasa wa kwanza, kabla ya namba ya fundi.

Na usiku hatuendi kama vipofu. Tunajua tunaishi wapi. Mtu asitoke peke yake, na kabla ya kutoka shefu wa kijiji ajue ni nani anakwenda, wapi, na kwa gari gani. Mahali pasipo usalama, gari inangojea asubuhi na watu wanaletwa kijijini kulala. Hakuna mpira wa gari wenye thamani ya roho ya kijana.

Sita: karatasi, na deni la serkali

Tusifanye kazi kwa kujificha. Anayejificha kila mtu anamkamua. Biashara ndogo nchini kwetu ina patanti yake, kwa sheria ya mwaka 1979. Na tangu nchi yetu ilipoingia OHADA mwaka 2012, kuna hali inayoitwa "antreprenan", ya mtu mwenye shughuli ndogo: anajitangaza kwenye rejista ya biashara, na tangazo hilo kwa sheria ni bure. Wasomi wa haki mlio hapa, hii njo kazi ya lisansi zenu. Someni, pelekeni dosye, na kwa kila feza inayoombwa ulizeni: iko kwenye sheria gani, na risiti iko wapi? Hakuna risiti, hakuna malipo.

Na mtu asije kutuambia kwamba kwa kuwa vijana wa Swima wanatoa magari kwenye tope, basi tatizo la barabara limekwisha. Hapana. Tangu mwaka 2008 nchi ina FONER, mfuko wa kutunza barabara, na sehemu ya feza zake inatoka kwenye mafuta na peaje. Kuna Ofisi ya Barabara. RN5 ni barabara ya taifa, si njia ya mbuzi ya kijiji. Mtu anayelipa peaje anadai barabara, si zawadi.

Hapa daftari letu lina kazi ya pili. Kila tukitoa gari, tuandike: tarehe, mahali, aina ya gari, kilichotokea, masaa iliyokaa. Baada ya miezi sita, hatutakwenda kwa wakubwa kusema "barabara ni mbaya." Wamezoea kusikia hivyo. Tutakwenda na karatasi: mahali hapa, magari haya, siku hizi. Malalamiko yenye tarehe ni mazito kuliko malalamiko yenye kelele.

Saba: tunaloomba lifanyike

Hatutaki mtu aondoke hapa akipiga makofi tu. Makofi tumepiga mengi.

Wiki hii, wenye nia wajiandike, 5 kwa kila kikundi: fundi au kwado mmoja, motari mmoja, mmoja wa daftari na simu, wawili wa mikono. Kila kikundi kiwe na dada angalau mmoja, na asipewe kazi ya kupika. Kikundi kiende kwa shefu na kwa polisi wa barabara, kijitambulishe kwa majina.

Wiki ya pili, mafundi watufundishe, Jumamosi na Jumapili baada ya ibada: mpira, betri, radiateri, kapi. Tufanye kwa gari nzima, mchana, kabla ya kufanya kwa gari iliyokufa, usiku.

Wiki ya tatu, tuchore mabao mawili ya bei, moja upande wa kutoka Makobola, moja upande wa kutoka Mboko, namba ya simu kwa herufi ambazo shofere anasoma bila kusimama. Na Jumamosi ya wiki hiyo tufanye salongo: shimo lile mnalolijua wote, lile linalolisha watu, tulizibe kwa mawe. Tulizibe mchana, kila mtu akiona. Hiyo itakuwa tangazo letu la kwanza.

Na kamyo ya kwanza itakayozama baada ya hapo, shofere akishuka huku ameshika mfuko wake kwa woga, akitungojea tuanze kumkamua, tumwonyeshe ubao. Tumsomee bei. Tuchukue mabeleshi.

Hatuna depanezi, wandugu. Lakini mtu akisimama kwenye barabara yetu, ajue amesimama mahali penye watu.